Je, hesabu zinaweza kumtaja dereva bora wa langalanga wa nyakati zote?

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha hisabati sekondari na ni mpenzi mkubwa wa Formula 1. Nimetengeneza jedwali la Excel lenye mbio, ushindi, mataji na pointi za madereva wote tangu 1950, nikitaka kumaliza ubishi wa ofisini kuhusu nani bora. Nikipanga kwa idadi ya ushindi, anaongoza Lewis Hamilton. Nikipanga kwa asilimia, juu kabisa anatokea Mmarekani anayeitwa Lee Wallard, ambaye hapa hakuna hata mmoja anayemjua. Nikigeuza pointi zote ziwe za mfumo wa sasa, mpangilio unavurugika tena. Je, nimekosea fomula, au jambo lenyewe haliwezekani?

Jibu

Mwalimu, fomula zako hazina kosa. Jedwali lako limekosa kitu kimoja, nacho ndicho kizito kuliko vyote: gari. Nikupe jibu mapema. Takwimu zinaweza kukupa kundi dogo la madereva walio juu ya wengine bila shaka yoyote. Jina moja lililo juu ya kundi hilo haziwezi kulitoa, na sababu ya kushindwa kwake unaweza kuipima mwenyewe kwa Excel hiyo hiyo.

Wallard tunamwondoa haraka. Kuanzia 1950 hadi 1960, mbio za Indianapolis 500 zilihesabiwa kwenye ubingwa wa dunia, ingawa madereva wa Ulaya karibu hawakwenda na wale wa Indianapolis karibu hawakuja Ulaya. Wallard alianza mbio 2 tu zinazohesabika na akashinda moja, ile ya 1951. Hiyo ni asilimia 50, wakati Juan Manuel Fangio, aliyeshinda 24 kati ya 51, ana 47. Futa mistari yote ya Indianapolis, kisha weka kiwango cha chini cha mbio. Ukiweka 30, Alberto Ascari anabaki na ushindi wake 13 katika mbio 31. Ukiweka 50, anatoweka, na Fangio mwenyewe anaponea chupuchupu. Kiwango chochote utakachochagua ni uamuzi wako, kwa hiyo kiandike juu ya jedwali watu wakione. Kumbuka pia kwamba miaka ile dereva aliruhusiwa kupokea gari la mwenzake katikati ya mbio. Ushindi wa Fangio wa Ufaransa 1951 aliupata kwenye gari alilolipokea kwa Luigi Fagioli, na ule wa Argentina 1956 kwenye gari la Luigi Musso. Pointi waligawana, wewe nawe amua kama utahesabu ushindi mzima au nusu.

Kwenye pointi, chukua msimu wa 1988 uuchambue na wanafunzi wako, maana ni somo zima la hesabu. Ayrton Senna na Alain Prost waliendesha magari yanayofanana ya timu ya McLaren, yaliyoshinda mbio 15 kati ya 16. Prost alikusanya pointi 105, Senna 94. Bingwa akawa Senna! Kanuni ya wakati huo ilihesabu matokeo 11 bora tu ya kila dereva, na baada ya kukata yaliyozidi, Senna alibaki na 90 na Prost 87. Sasa wape wote pointi za sasa za 25, 18, 15 na kuendelea. Prost alishinda mara 7 na kuwa wa pili mara 7: hiyo ni 301. Senna alishinda mara 8, akawa wa pili mara 3, kisha wa nne, wa sita na wa kumi mara moja moja: 275. Umempokonya Senna taji kwa tofauti ya pointi 26. Lakini Senna hakuendesha chini ya sheria za leo. Pale ambapo matokeo mabaya yanatupwa, kujitosa kupita mtu kwenye kona ngumu hakugharimu sana. Pale ambapo kila pointi inabaki, dereva mwenye akili hupunguza mwendo na kuridhika na nafasi ya pili. Kwa hiyo kugeuza pointi hakusahihishi kitu. Kunamhukumu mtu kwa sheria ambayo hakuwahi kuisikia.

Sasa turudi kwenye gari. Desemba 2020, Hamilton aliugua korona na timu yake ya Mercedes ikamwazima George Russell kutoka timu ya Williams kwa mbio moja ya Sakhir, Bahrain. Msimu ule wote Russell hakupata hata pointi moja akiwa na Williams. Aliingia kwenye gari lililokatwa kwa mwili wa mtu mfupi kuliko yeye, ikabidi hata avae viatu vidogo kwa namba moja ili miguu yake itoshe kwenye pedali. Kwenye kufuzu, yaani majaribio ya kasi yanayopanga nafasi za kuanzia mbio, akawa wa pili, nyuma ya Valtteri Bottas, dereva mwingine wa Mercedes, kwa sekunde 0.026. Aliongoza sehemu kubwa ya mbio hadi mafundi walipomfungia matairi ya Bottas kimakosa, na baadaye tairi likapoteza upepo. Akamaliza wa tisa. Wiki moja kabla, mtu huyu huyu alikuwa akihangaika nyuma ya msafara. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield wa 2016, uliochambua mbio za 1950 hadi 2014, ulikadiria kwamba timu inabeba takriban asilimia 86 ya tofauti za matokeo. Kinachobaki ndicho cha dereva, na ndicho unachokitafuta.

Njia ya kukitafuta ni kumlinganisha dereva na mwenzake wa timu, kwa kuwa hao wawili ndio pekee wanaotumia gari linalofanana. Anza na muda wa kufuzu, uache matokeo ya mbio kwanza, kwa sababu kwenye mbio kuna mikakati ya matairi, amri za timu na magari kuharibika. Tumia asilimia badala ya sekunde: mzunguko wa Spa una kilomita 7.004 na wa Monaco 3.337, hivyo sekunde moja ya huku si sawa na ya kule. Tuseme A amepata dakika 1 na sekunde 20.000, na B dakika 1 na sekunde 20.240. Tofauti ni 0.240 ÷ 80 × 100, yaani asilimia 0.3. Fanya hivyo kwa kila mbio, panga matokeo kutoka dogo hadi kubwa, kisha chukua namba ya katikati. Usichukue wastani wa kawaida, maana siku moja ya mvua au ya gia kukwama itakuvuta mbali.

Hapa ndipo wengi huteleza. Tangu 2006 kufuzu kuna sehemu tatu, na lami hushika zaidi kadiri mpira wa matairi unavyojipaka juu yake. Kama A amefika sehemu ya tatu na B ametolewa katika ya pili, linganisha muda wao wa sehemu ya pili, ya mwisho waliyoshiriki wote. Na kati ya 2006 na 2009 usiguse sehemu ya tatu kabisa! Miaka hiyo magari kumi yaliyofika sehemu hiyo yalifuzu yakiwa tayari na mafuta ya kuanzia mbio, hivyo aliyejaza kidogo alionekana ana kasi kumbe ana gari jepesi. Misimu ya 2003 hadi 2005 nayo ina ugonjwa huo huo, na haina sehemu ya pili ya kukimbilia. Ipe uzito mdogo.

Halafu ujue kasi ya mzunguko mmoja si udereva wote. Hamilton na Jenson Button walikuwa pamoja McLaren 2010 hadi 2012, mbio 58. Kwenye kufuzu Hamilton alimshinda mara 44 kwa 14. Kwenye pointi, Button alipata 672 na Hamilton 657. Sehemu ya pengo hilo ni migongano ya Hamilton ya 2011, ambayo ni yake mwenyewe. Sehemu ni gari kumfia akiwa anaongoza, Singapore na Abu Dhabi 2012, ambayo si yake. Kwa hiyo weka safu ya pili ya matokeo ya mbio, ukifuta zile ambazo gari liliharibika na kubakiza ajali alizosababisha dereva. Kwa mbio za zamani fanya hivyo kwa uangalifu. Rekodi ikisema "giaboksi", haikuambii ni fundi aliyeifunga vibaya au ni dereva aliyeitafuna kwa kubadilisha gia ovyo. Enzi za gia za mkono, kulinda gari kulikuwa ni sehemu ya ustadi wenyewe.

Sasa unataka kumlinganisha Hamilton na Senna, ambao hawakuwahi kukutana. Unaunga mnyororo: Hamilton na Button, Button na Rubens Barrichello, Barrichello na Michael Schumacher, Schumacher na Nelson Piquet, Piquet na Nigel Mansell, Mansell na Prost, Prost na Senna. Pete 7. Tukadirie kwa ukarimu kwamba kila pete ina kosa la asilimia 0.1. Makosa yasiyotegemeana hujumlishwa kwa kipeuo cha pili: 0.1 × √7 = asilimia 0.26. Kwenye mzunguko wa sekunde 90 hiyo ni karibu sekunde 0.24. Mwaka 2020 Formula 1 yenyewe na AWS, kampuni ya kompyuta ya Amazon, walitoa orodha ya madereva wenye kasi zaidi tangu 1983 kwa njia ya aina hii. Senna alikuwa wa kwanza, Schumacher wa pili nyuma yake kwa sekunde 0.114, Hamilton wa tatu kwa 0.275. Wa nane akawa Heikki Kovalainen, mwenye ushindi mmoja maishani, jambo linalokuonyesha kuwa orodha ile ilipima mzunguko mmoja wa haraka na si zaidi ya hapo. Pengo la wa kwanza na wa pili ni dogo kuliko kosa la mnyororo wetu, na Hamilton naye yuko pale pale mpakani.

Tena pete hazilingani uimara. Ile ya Schumacher na Piquet ina mbio 5 tu za mwishoni mwa 1991, mmoja ana miaka 22 na mwingine 39. Mnyororo unachukulia kwamba mtu habadiliki, lakini Schumacher huyo huyo alishinda mara 91 hadi 2006, aliporudi 2010 hadi 2012 hakushinda hata moja katika mbio 58. Mgawe awe watu wawili kwenye jedwali lako, vinginevyo mzee atamwangusha kijana.

Dereva anayehama timu husaidia hesabu. Fangio alipata mataji matano akiwa na Alfa Romeo, Mercedes, Ferrari na Maserati, na utafiti wa Sheffield ulimweka juu kabisa; nafasi yake naiona imara kuliko ya yeyote wa zama zake. Jim Clark alishinda 25 kati ya 72, zote akiwa Lotus, katika enzi ambayo dereva wa pili hakupewa vifaa sawa na wa kwanza. Kwake hesabu haina pa kushika: haijui iisifu Lotus au imsifu yeye. Na hapa tuko ndani ya Formula 1 tu. Shekhar Mehta wa Kenya ana ushindi 5 wa ubingwa wa dunia wa rali, wote wa Safari Rally, na hakuna pete ya kumuunganisha na hawa.

Ukimaliza, usiandike 1, 2, 3. Andika makundi: wote ambao mapengo yao ni madogo kuliko kosa lako wakae kapu moja. Kisha fanya jaribio hili: futa mbio zile 5 za Piquet na Schumacher, uunge mnyororo upya kupitia Riccardo Patrese, aliyekuwa na Schumacher katika timu ya Benetton 1993 na kabla ya hapo na Mansell katika timu ya Williams, halafu upige hesabu tena. Dereva atakayebadilisha kapu kwa sababu ya mbio 5 za watu wengine, mwandikie alama ya kuuliza.