Maswali ya Wasomaji: Mkimbiaji wa Marathoni Anapoingia Mita 5,000

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkimbiaji wa marathoni, na muda wangu bora ni saa 3 na dakika 10. Klabu yetu imenipanga katika mita 5,000 uwanjani. Kila ninapofanya mazoezi ya kasi, pumzi hunibana mapema, naingiwa na hofu na kupunguza mwendo ingawa miguu bado ina nguvu. Niiandaeje akili yangu? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Marathoni imekufundisha kwamba anayehema kwa nguvu mwanzoni atayaona matokeo yake baada ya kilomita ya 30, na kwa sababu hiyo akili yako huichukulia pumzi nzito kuwa ni onyo. Katika mita 5,000, pumzi hiyo hiyo inaonyesha kwamba uko katika kasi inayotakiwa, na utavuka mstari muda mrefu kabla ya nguvu zilizohifadhiwa katika misuli kukuishia.

Akili haitaliamini jambo hili kwa kuambiwa tu. Kwa kasi yako ya marathoni, mzunguko wa mita 400 hukuchukua takriban sekunde 108, ilhali ukilenga kumaliza kwa dakika 20 utahitaji sekunde 96. Ni lazima uizoee tofauti hiyo mazoezini: kimbia mita 1,000 mara tano, kila moja kwa dakika 4, ukipumzika dakika mbili au tatu katikati. Ile ya nne ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa kuwa hofu hukujia wakati mwisho bado hauonekani. Hapo legeza mabega, rudia moyoni neno moja ulilolichagua mapema, nawe usipunguze mwendo.

Siku ya mashindano utakuwa na mizunguko 12 na nusu. Mitatu ya kwanza itaonekana myepesi, na hapo ujizuie. Kuanzia wa sita hadi wa kumi ndipo wengi wa mbio ndefu hulegea, kwa maana msisimko wa mwanzo umekwisha na kengele ya mzunguko wa mwisho bado iko mbali. Shikamana na aliye mbele yako, usihesabu mizunguko iliyobaki.

Usidhani kwamba akili ya mbio ndefu haibadiliki. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Sifan Hassan wa Uholanzi alipata shaba katika mita 5,000 na mita 10,000, kisha akashinda marathoni, yote ndani ya siku saba.

Pasha mwili moto vya kutosha, jambo ambalo wakimbiaji wa marathoni hulipuuza kwa sababu wamezoea kupata joto njiani. Na mzunguko mmoja ukikuchukua sekunde 99, usijaribu kuzifidia zote tatu katika unaofuata. Rudi kwenye 96 na uendelee.