Maswali ya Wasomaji: "Jirani anaudhika nikimwuliza kama ameokoka"

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri, na jirani yangu ni mama Mkatoliki aliyenizidi umri. Kila nikimwuliza, "Mama, umeokoka?" hunijibu kwamba alibatizwa tangu utotoni na hataki kuhamishwa dhehebu. Nimshuhudieje? – Msomaji, Moshi

JIBU: Mama huyo hajamkataa Yesu, amekataa kuhamishwa. Swali lako lina historia. Uamsho ulioshika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, na waliookoka wakaitwa walokole. Walijulikana kwa kutubu hadharani, kuacha pombe na kuitana ndugu. Hivyo asiye wa kundi hilo, akiulizwa "Umeokoka?" husikia "Umejiunga nao?" Na kwa mtu mzima, tena kutoka kwa mdogo wake, linasikika kama hukumu.

Anzia mnapokubaliana. Mwaka 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba Mungu hutukubali kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo, wala si kwa kustahili kwetu. Kwa hiyo usimfundishe neema kana kwamba hajawahi kuisikia.

Tofauti zipo, usizifiche. Kwake wokovu unaanza kwenye ubatizo, na mtu anauishi kwa imani na sakramenti hadi mwisho. Walokole wengi hutaja siku waliyookoka. Biblia inasema yote: "mmeokolewa" (Efeso 2:8), "tunaookolewa" (1 Wakorintho 1:18), "tutaokolewa" (Warumi 5:9). Mabishano mengi ya mlangoni hutokea kwa sababu kila mmoja ameng'ang'ania mstari wake.

Sasa mwulize hivi: "Mama, kwako wewe Yesu ni nani?" Kisha nyamaza. Akimaliza, omba mfungue Biblia yake mwenyewe, si yako, na asome yeye kwa sauti: Warumi 3:23, 6:23, 5:8, kisha 10:9. Wengi hukazana na miwili ya kwanza, dhambi na mauti, halafu wanarukia "Je, uko tayari kutubu?" Hapo msikilizaji anaondoka na hofu, habari njema hajaisikia. Kaeni zaidi kwenye 5:8, kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Akitaka kuishia hapo leo, mwache.

SWALI: Ushuhuda wangu uwe mrefu kiasi gani? – Mwanakwaya, Dodoma

JIBU: Dakika tatu. Nusu dakika ulivyokuwa, dakika moja jinsi ulivyomwamini Kristo, zilizobaki anavyokubadilisha sasa. Kosa la kawaida ni kutumia dakika kumi kusimulia disko na pombe. Watu wanacheka, wanakumbuka disko. Maneno kama "upako" na "kuvunja maagano" yaache kanisani, au uyaeleze.

SWALI: Baada ya mkutano wa injili uwanjani wengi waliongozwa sala ya toba. Jumapili hatukumwona hata mmoja. Tumekosea wapi? – Mwinjilisti, Nakuru

JIBU: Sala ya kumfuatisha mhubiri neno kwa neno ni desturi tu, haimo katika Matendo ya Mitume. Mlinzi wa gereza la Filipi aliambiwa, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka," na usiku uleule akafundishwa neno yeye na nyumbani mwake, wakabatizwa (Matendo 16:30-33). Ninyi mmeishia kwenye mwaliko.

Kabla ya kusali naye, kila mtu aeleze kwa maneno yake mwenyewe anachotubu na anamwamini nani. Wapo wanaopita mbele ili waombewe ugonjwa au kazi. Waombeeni hayo, msiwahesabu waongofu. Andikeni jina, simu na mtaa, na gaweni watu watatu watatu kwa kila mshirika anayekaa karibu nao. Awatembelee ndani ya siku mbili, tena kwa ruhusa yao, hasa kama wazazi au mume ni wa dini nyingine. Waanze na Injili ya Marko, sura moja kila mara wanapokutana. Zipo 16 tu.