Kijana Mpe Alhamisi Kabla ya Kumpa Jumamosi

Kwa miaka tisa nimekuwa nikipanga ratiba ya muziki katika ukumbi mdogo wa jazi hapa Mbeya, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wenzangu wanaofungua kumbi Iringa, Njombe na Makambako ni moja: wapigaji wapya unawapata wapi? Kuwapata si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kumtunza kijana katika ile miaka miwili au mitatu ambayo tayari anajua kupiga chombo, ila bado hajajua kupiga na watu.

Wengi wao hutoka makanisani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na hadi leo katika sharika za huko utakuta vikundi vya tarumbeta vyenye vijana wanaosoma nota na waliozoea kupuliza kwa kusikilizana. Kwa hiyo siitishi usaili. Usaili humwonyesha mwenye ujasiri mbele ya watu watatu waliokaa mezani, basi. Mimi huenda wanakopiga: kwenye ibada, kwenye mazoezi ya kwaya jioni, kwenye harusi. Nikifika, simtafuti mwenye vidole vyepesi. Natazama anafanya nini mwenzake anapokosea.

Mwaka fulani nilikuwa kwenye harusi Uyole, mwimbaji akaruka ubeti mzima na bendi ikatawanyika, huyu akiwa kwenye kiitikio na yule bado nyuma. Kijana wa besi, ambaye mpaka hapo sikuwa nimemwona cha ajabu, aliacha mpigo wake wote akashika noti moja tu, akaigonga taratibu huku akimtazama mpiga ngoma, mpaka wote wakarudi mmoja mmoja kama watu wanaofuata taa gizani. Wageni hawakujua kilichotokea. Huyo ndiye niliyemwomba namba ya simu.

Kabla hujamchukua kijana, nenda kwa wakubwa wake. Nilipomtaka mpiga tarumbeta mmoja kutoka Tukuyu, nilikwenda kwanza kumwamkia mzee anayeongoza kikundi chao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Alhamisi mchukue, mwanangu, lakini Jumapili ni wa kwetu." Tangu siku hiyo sijampangia kijana huyo kazi ya Jumamosi usiku itakayomchelewesha ibadani, na mzee naye ameniletea wengine wawili.

Sasa nije kwenye hiyo Alhamisi, maana ndiyo moyo wa shughuli yote. Ukumbi unaotaka kulea wapigaji unahitaji bendi yake ya kudumu, hata kama ni watu watatu, na usiku mmoja katika wiki, kwetu ni Alhamisi, ambao kijana anaweza kupanda, kukosea, kushuka, na wiki inayofuata akapanda tena. New York, mwaka 1940, Teddy Hill, aliyekuwa kiongozi wa bendi kabla ya kuwa meneja, alimwajiri mpiga ngoma Kenny Clarke aunde bendi ya ukumbi wa Minton's Playhouse. Thelonious Monk akakaa kwenye piano, na Jumatatu, wakati wapigaji wengi wa mjini walipokuwa na mapumziko, wakaalikwa, wakalishwa na kupiga. Bebop, mtindo wa jazi wa kasi na wa kubuni papo hapo, ulipata sura yake katika usiku wa namna hiyo. Hata kwetu, Mbaraka Mwinshehe alikomaa ndani ya Morogoro Jazz kabla ya kuondoka mwaka 1973 kuunda Super Volcano yake.

Mimi jambo hili nililijifunza kwa kumuumiza mtu. Nilimpenda kijana mmoja wa gitaa la solo kiasi cha kuweka jina lake kubwa kwenye tangazo la Jumamosi, akiwa amepanda jukwaa letu mara mbili tu. Wimbo wa tatu aliishiwa. Alirudia vipande vilevile, mabega yakapanda, watu wakaanza kuzungumza, na baada ya hapo hakutokea kwa miezi saba. Kosa lilikuwa langu, na nilimfuata nyumbani kwao kumwambia hivyo mbele ya mama yake. Leo anapiga gitaa la rithimu katika bendi yetu ya ukumbi, na solo anaipata kidogokidogo.

Mengine ni madogo, lakini ndiyo yanayomfanya kijana abaki. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Mbeya hufanya noti za tarumbeta zishuke chini kidogo, kwa hiyo mfundishe kulikumbatia ndani ya koti na kupuliza pumzi ya moto kabla ya kupanda, na mwombe mpiga kinanda ampe tena noti ya kurekebishia chombo baada ya wimbo wa kwanza, kwa kuwa chombo kitakuwa kimeshapata joto na noti zake kupanda. Nunua nyaya za gitaa za akiba kwa fedha ya ukumbi. Mwambie malipo yake kabla hajapiga, yaandike, na mlipe usiku uleule, mkononi mwake mwenyewe; nimeona wapigaji wazuri wakiacha muziki kwa sababu ya kuzungushwa na "njoo kesho". Nauli nayo ihesabu peke yake, hasa kwa anayetoka Tukuyu, kwa sababu saa nne usiku usafiri wa kurudi huwa wa kubahatisha na atahitaji mahali pa kulala.