Dónal Lunny: mpigaji aliyegeuka prodyuza

Je, Dónal Lunny, mwanamuziki wa Ireland, ni mpigaji wa buzuki tu (ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, nyuzi zake hupangwa kwa jozi)? Hapana, na buzuki yenyewe ndiyo inayoeleza uprodyuza wake. Mwanamuziki mwenzake Andy Irvine alimpa buzuki aliyoinunua Ugiriki. Lunny hutumia mkono wa kushoto, akageuza mpangilio wa nyuzi. Kisha kwenye jozi mbili za chini akatoa nyuzi zilizopishana oktava (noti ileile, moja ikiwa juu zaidi), akaweka zenye sauti moja. Hilo ndilo jambo kubwa: uzi wa oktava hupanda juu na kugombana na fidla na filimbi, ila nyuzi za sauti moja hujaza chini na kuwaachia wenzake nafasi. Ukitaka kujaribu, tyuni jozi nne za nyuzi kwa noti G, D, A, D (GDAD), si GDAE. Hiyo D ya juu huiacha wazi ivume chini ya melodi.

Sikio hilohilo akaenda nalo studio. Alipiga katika bendi kadhaa: Planxty walianza 1972, kisha Bothy Band, na 1981 Moving Hearts, ambako saksafoni, gitaa la umeme na ngoma vilikaa pamoja na zumari ya kiasili ya mfuko wa hewa. Alitayarisha pia albamu za mwimbaji Christy Moore, ikiwemo Ride On ya 1984. Anza na hiyo, sikiliza jinsi vyombo vinavyokaa nyuma ya sauti ya mwimbaji. Ukitaka kazi yake mwenyewe, tafuta albamu ya Coolfin ya 1998.