Shangazi, nitie sahihi mkataba huu?

Shangazi, shikamoo. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili, miaka miwili, katika mji mdogo ambao bila chuo usingekuwepo. Wenzangu watatu, ninaowafahamu kwa simu tu, wamepata fleti ya vyumba vinne karibu na madarasa. Mkataba ni wa miezi 12 ilhali masomo ni miezi 9 kwa mwaka, na sote wanne tunatia sahihi karatasi moja. Mwenye nyumba anasema tukichelewa wiki hii anaipa wengine. Nifanyeje?
Mpangaji Mpya

Marahaba, mwanangu, na hongera. Hiyo karatasi moja ndiyo iliyonishtua kwenye barua yako, maana niliishi miaka kadhaa katika mji wa namna hiyo na karatasi kama hiyo ilininyima usingizi.

Tafuta kifungu kinachosema wapangaji wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Kikiwemo, deni lako si robo tena. Mwenye nyumba anaweza kukudai wewe peke yako kodi ya wote wanne. Kwetu mwenzetu mmoja aliondoka katikati ya muhula. Hakuwa mtu mbaya, mama yake aliugua ikabidi arudi kumuuguza. Robo yake tuliilipa sisi watatu hadi mkataba ukaisha, na mimi nikaomba zamu za usiku maktabani ili nisikwame. Kwa hiyo omba kila mmoja apewe mkataba wa chumba chake. Mwenye nyumba akikataa, andikianeni ninyi wanne: nani analipa kiasi gani, na anayeondoka atatafutaje wa kushika nafasi yake. Makubaliano hayo hayamfungi mwenye nyumba, lakini yanawafunga ninyi. Na hao watatu waulize waziwazi, kabla ya sahihi, kodi yao inatoka wapi. Usione haya.

Kuhusu miezi 12, piga hesabu. Ukilala humo miezi 9 tu, kila mwezi umekugharimu theluthi zaidi ya bei uliyoambiwa. Usijifariji kwamba likizo utampangishia mtu mwingine. Wakati huo mji mzima unahama na kila mlango una tangazo, na hata ukimpata mtu, kwa kawaida unahitaji ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na akiharibu kitu unadaiwa wewe. Ila masomo yako ni ya miaka miwili. Ukiweza kubaki likizo, mkataba mrefu unakuepusha kuhamahama na maboksi. Mimi niliupenda sana mji ule ukiwa mtupu, ingawa mabasi yalipungua.

Haraka ya mwenye nyumba ina ukweli. Mikataba ya miji hiyo huanza pamoja na mwaka wa masomo, na fleti za karibu na chuo huchukuliwa mapema. Hata hivyo siku mbili za kuusoma mkataba si nyingi. Vyuo vingi vina ofisi ya makazi ya wanafunzi. Waombe waupitie mkataba pamoja nawe.

Siku ya ufunguo, ingia na simu yenye chaji. Nilikuta alama ya pasi kwenye zulia nyuma ya mlango, ya kahawia, ncha yake kali kabisa. Nikanyamaza, nikaifunika kwa kikapu cha nguo. Nilipohama ilikatwa kwenye amana yangu, na sikuwa na picha hata moja ya kuonyesha niliikuta. Wewe piga picha kila ukuta, sogeza kabati utazame ukungu, fungua bomba kisha upapase chini ya sinki kwa kiganja uone kama kuna unyevu. Picha zote mtumie mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyohiyo, kabla hujafungua begi.