Ukanda mtupu kwenye sahani bado si dawa

Wadogo zangu mnaoanza kutafuta dawa za kuvu kutoka kwa bakteria wa udongo hapa Dodoma, kuchota udongo kusiwaumize vichwa. Shuka sentimita 5 hadi 15, karibu na mizizi ya mtama au karanga, kisha uanike kivulini. Ukavu unatusaidia: Streptomyces, bakteria wa nyuzi tunaowatafuta, hutoa mbegu zinazovumilia, wakati bakteria wengi wenye pupa hufa. Utawajua kwa makoloni yenye unga juu kama chokaa, yaliyong'ang'ania agari, ile jeli ya chakula kwenye sahani ya maabara. Harufu ya mvua za kwanza za Desemba ni yao, ila sahani usiinuse kamwe, hasa ukiwa na Aspergillus flavus, kuvu wa sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Muda wenu uwekeni kwenye vipimo. Umepanda kuvu katikati na bakteria pembeni, siku chache baadaye kuna ukanda mtupu kati yao. Bado hujui kilichotokea. Pengine bakteria amemaliza chakula, au amebadilisha pH. Mkuze kwenye mchuzi wa virutubisho, uchuje kwa chujio la mikromita 0.22, ujaribu maji hayo peke yake. Yasipofanya kitu, usikate tamaa: dawa za kuua kuvu za kundi la polieni, kama nistatini, haziyeyuki vizuri kwenye maji, na nyingi hubaki kwenye nyuzi za bakteria, zile zile mnazokimbilia kutupa. Ziloweke kwenye methanoli, kausha, pima tena. Na kontroli, yaani kipimo cha kulinganishia, ya methanoli tupu iwepo, maana yenyewe inazuia kuvu.

Nistatini hiyo, iliyotangazwa na Elizabeth Hazen na Rachel Brown mwaka 1950, ilitokana na udongo wa shamba huko Virginia, Marekani. Leo huwekwa kwenye agari ya kutengea bakteria ili ukungu usivamie. Basi hamisha koloni lako mara kadhaa kwenye agari isiyo na dawa kabla ya kupima, la sivyo utasifia nistatini ya dukani.

Polieni hushika ergosteroli, aina ya mafuta kwenye utando wa seli za kuvu, na hiyo ni ndugu wa kolesteroli yetu. Kwa hiyo jaribuni mapema kwenye agari ya damu, muone kama inapasua chembe za damu.

Nyie wa zabibu za Makutupora, kimelea cha ubwirivinyoya, ugonjwa wa mzabibu, si kuvu halisi na hakitegemei ergosteroli, kwa hiyo msikitarajie kutetereka kwa polieni. Isitoshe, hakioti kwenye agari. Mtahitaji majani mabichi ya mzabibu, na mwenye shamba wa kuwaruhusu kuyachuma.