Chombo cha maua cha buluu chenye neno "Italy"

Dada, umeuliza kama chombo ulichonunua mnadani kweli ni cha Bitossi, kiwanda cha vyombo vya udongo cha Italia, na ukiweke wapi. Kigeuze kwanza, utazame chini yake. Bitossi wa Montelupo Fiorentino, karibu na Florence, mara nyingi waliandika namba na neno Italy kwa mkono, ila viwanda vingine vya Italia navyo vilifanya hivyo. Usiamini maandishi peke yake.

Sasa funga macho, upitishe kidole ubavuni. Mtindo wa Rimini Blu, aliobuni mbunifu wao Aldo Londi miaka ya 1950, una alama zilizogandamizwa kwenye udongo ukiwa mbichi. Utahisi vishimo, na ukifumbua macho utaona buluu imekolea humo kuliko kwingine. Bitossi bado wanautengeneza, kwa hiyo kipya si bandia. Ila usikilipie bei ya chombo cha kale.

Maji usimimine humo, tafadhali! Udongo wa aina hii hunyonya, na mimi meza yangu iliota duara jeupe. Tumbukiza glasi ndani kwanza.

Ningekiweka peke yake kwenye mbao nyeusi, dirishani, mwanga wa asubuhi ukipige ubavuni. Ukipata cha pili, kiwe kifupi zaidi, rangi ileile.